Sajenti na Sauti Kumi na Mbili

Sajenti alipostaafu, ukoo mzima ulikaa kikao kumpangia maisha, kwa sababu mtu akishastaafu huwa kama kiwanja kitupu: kila apitaye ana wazo la nini kijengwe hapo. Shemeji yake alishauri kuku. Dada yake alishauri duka la vifaa vya ujenzi, na kwa kuwa mume wake alikuwa muuza saruji, ushauri huo ulitoka moyoni kabisa. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao na ambaye hakuwahi kumsamehe mkwewe kwa kufanya kazi ya kupuliza bomba, alisema apumzike tu, maana mapafu yake yalikuwa yameshafanya kazi ya watu wawili.

Sajenti aliwasikiliza wote akiwa ameketi wima, mikono magotini, kama alivyoketi miaka thelathini katika bendi ya askari, safu ya pili, tromboni la kwanza. Walipomaliza, akasema amejiandikisha chuoni. Anakwenda kusomea muziki.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na wakati huo alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake, ndipo akauliza:

"Umepuliza tromboni miaka thelathini. Sasa wanakwenda kukufundisha nini, namna ya kulibeba?"

"Nadharia," Sajenti akasema.

"Nadharia," mama mkwe akarudia, kwa sauti ile ambayo watu hutajia ugonjwa wa jirani.

Ukweli ni kwamba Sajenti alikuwa na kiu yake. Miaka yote ile alipiga alichopewa: wimbo wa taifa, mwendo wa paredi, wimbo wa taifa tena, mkubwa mmoja akiteremka kwenye ndege na mwingine akipanda. Hakuna aliyewahi kumuuliza anapenda nini. Alitaka kujua wasomi wakikaa kimya kusikiliza muziki, wanasikia nini hasa. Ilikuwa kiu ya halali, na ingeweza kumalizika bila madhara kwa mtu yeyote, kama si ratiba ya chuo.

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vinne juu ya ofisi ya bima. Kulikuwa na piano moja, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ilitumika kama meza ya chupa ya chai. Masomo yaliyotangazwa yalikuwa mengi, lakini lililofundishwa kwa uhakika lilikuwa moja, Watunzi wa Karne ya Ishirini, kwa kuwa mwalimu wake ndiye pekee aliyefika kazini kila siku. Wanafunzi walimwita Profesa. Cheo hicho hakuwa nacho, ila hakufanya juhudi yoyote ya kukikana. Alikuwa kijana mwembamba aliyesoma ng'ambo, kwenye nchi ya baridi, na alirudi na kikohozi kidogo kilichomshika kila aliposikia wimbo unaoimbika.

Siku ya kwanza Profesa aliingia, akamwona Sajenti ameketi mbele, mvi zimechanwa, shati limenyooshwa likakata kama kisu.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba, Afande!" Sajenti akaruka na kusimama mguu sawa. Mazoea yana taabu.

"Katika darasa hili," Profesa akaanza, "tunasahau kila tulichokijua." Kwa vijana wengine darasani, hilo lilikuwa jambo jepesi, hawakuwa na mzigo. Sajenti ndiye aliyekuwa na miaka thelathini ya kusahau. "Na leo sitaki mtu atafute wimbo. Wimbo haumo."

Akawasha spika. Kweli, haukuwamo. Kulikuwa na fidla zilizosikika kama ndugu wanaogombea shamba la marehemu, na ngoma iliyoingia mara moja tu, kama mgeni aliyekosea nyumba, ikaangalia huku na huku, ikatoka. Mguu wa Sajenti ulitafuta mdundo chini ya meza. Ukatafuta kulia, ukatafuta kushoto, mwisho ukatulia kwa aibu. Moyoni alikuwa na hakika kwamba kuna mtu katika bendi ile atawekwa ndani.

Majina ya watunzi wenyewe yaliwavunja wanafunzi meno, kwa hiyo darasa likawabatiza upya. Kulikuwa na Mzee wa Ndege, aliyekaa porini akinakili milio ya ndege mmoja mmoja. Kulikuwa na Bwana Kimya, aliyeandika kipande ambacho mpigaji anakaa mbele ya ala yake na hapigi chochote. Kulikuwa na Mkusanyaji, aliyezunguka vijijini na mashine ya kunasa sauti. Kulikuwa na mmoja ambaye siku kazi yake ilipochezwa mara ya kwanza, mabwana na mabibi waliovaa kifahari walizomeana ukumbini mpaka wakakaribia kupigana. Na kulikuwa na mkubwa wao, Mzee Kumi na Mbili.

Huyo ndiye aliyemponza Sajenti. Profesa alieleza kwamba kinanda kina sauti kumi na mbili za msingi, ukichanganya vibonye vyeupe na vyeusi, na mzee huyo alikata shauri kwamba hakuna sauti itakayorudiwa mpaka nyingine zote ziwe zimeshapita. Vijana wakakunja nyuso. Sajenti, kwa mara ya kwanza tangu aje chuoni, akatabasamu.

"Ni zamu ya lindo," akasema.

"Samahani, mzee?"

"Zamu ya lindo, Mwalimu. Askari kumi na wawili. Hasimami mtu mara ya pili mpaka wote wawe wamesimama. Hakuna kupendelea."

Profesa aliguswa sana. Akamwambia Sajenti ana sikio la kisasa. Lingekuwa jambo la busara kutomwambia hivyo mtu wa umri ule, mwenye kiti kizuri nyumbani na spika mpya.

Kuanzia hapo nyumba haikukalika. Kila baada ya chakula cha mchana Sajenti alijifungia sebuleni, akafumba macho, na fidla zikaanza kugombea shamba. Wateja wa mkewe waliokuja kupimwa magauni waliuliza kwa upole kama kuna mgonjwa ndani. Jirani alileta mafuta ya kulainisha bawaba za mlango. Ukimpigia Sajenti wimbo wowote wenye mwanzo na mwisho, alitikisa kichwa kwa huruma na kusema, "Huo ni muziki wa sukari." Mkewe akijibu kwamba hata yeye alimposa kwa muziki wa sukari, alisema wakati huo alikuwa hajasoma. Na akionekana kutoeleweka, aliguna kwamba ni kazi bure kumpigia mbuzi gitaa. Maneno ambayo mama mkwe aliyahesabu kuwa yake binafsi, akayaweka akiba.

Jumapili moja, baada ya kula, Sajenti aliwakalisha wote sebuleni. Akaweka kiti katikati, akaketi na tromboni lake pajani, akatangaza kipande cha Bwana Kimya. Kisha akatulia. Bomba la maji jikoni likadondosha tone. Jirani akamkaripia mtoto wake kuhusu viatu. Inzi akazunguka, akatua, akaondoka. Baada ya dakika kama nne na ushei, Sajenti akainuka na kuinamisha kichwa.

"Imekwisha."

"Hii ni nzuri," mkewe akasema.

Uso wa Sajenti ukang'aa kama shaba iliyosuguliwa. "Kweli?"

"Kweli kabisa. Kesho uirudie. Na kesho kutwa. Ikiwezekana uanze asubuhi."

"Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu," mama mkwe akasema. "Mimi nilikuwa nasubiri mshindo."

"Hakuna mshindo, mama."

"Basi huyo Bwana Kimya ametudhulumu."

Katika hali hiyo ndipo dada yake Sajenti alipokuja na habari njema. Binti yake anaolewa. Alimtaka kaka yake awakusanye wenzake wa zamani wa bendi, waliostaafu naye, wampigie bibi harusi wakati wa kuingia ukumbini. "Wewe ndiye mjomba, kaka. Uniingizie mwanangu kwa heshima, watu waone."

"Niachie mimi," Sajenti akasema. Maneno hayo mawili yameharibu harusi nyingi kuliko mvua.

Alijifungia wiki kadhaa akaandika. Wapuliza shaba wenzake wa bendi wakakutana uani kwa yule mnene aliyepuliza tuba, ambaye hata watoto wake walimwita Tuba. Tuba alikodolea macho karatasi yake, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Sajenti, nimeishika sawa hii?"

"Umeishika sawa. Piga kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa hakiendi popote."

"Hakitakiwi kwenda popote. Hiyo ndiyo karne ya ishirini."

Walikuwa wametii amri maisha yao yote. Wakatii na hiyo.

Siku ya harusi ukumbi ulikuwa umefunikwa vitambaa mpaka viti vya plastiki havikujijua. Mabinti wasindikizaji walikuwa wamefanya mazoezi ya mwendo mwezi mzima: hatua mbili mbele, moja nyuma, yumba, simama. Baba wa bibi harusi, muuza saruji, alikuwa amejifunza mwendo huo koridoni kwake, mlango umefungwa, asionwe na vibarua. Milango ikafunguliwa. Mshereheshaji akanyanyua mkono. Na Tuba, jasho likimtiririka, akatoa sauti moja nzito, peke yake. Ikafuata tarumbeta juu kabisa, mbali naye, kama watu wa ukoo mmoja wasiosalimiana.

Mabinti wawili wa mbele wakapiga hatua, wakangoja mdundo uwape ya pili. Mdundo haukuja. Wa nyuma, waliodhani umekuja, wakawagonga. Baba wa bibi harusi alitembea kama mtu anayevuka barabara yenye madimbwi. Kitoto kilichobeba maua kikatathmini hali, kikaketi chini.

"Wageni waalikwa," mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, akitabasamu kwa meno yote, "tusiwe na wasiwasi. Wenzetu wa bendi bado wanajaribu vyombo. Muda si mrefu wataanza."

Alilisema hilo mara tatu. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akamwinamia jirani yake na kuuliza kama vyombo vilinyeshewa. Sajenti hakusikia, au alijifanya hasikii. Alikuwa amefika mwisho, kwenye sauti moja ndogo ya tromboni aliyoihangaikia kuliko kipande chote. Aliipuliza vizuri sana. Ikakaa hewani, ikafifia.

Ukumbi ukapiga makofi. Makofi ya upendo kabisa, kama yale anayopigiwa fundi umeme taa zikirudi.

"Haya! Sasa wako tayari!" mshereheshaji akapaza sauti.

Tuba hakuwa mtu wa kuasi. Lakini alisikia "tayari", na neno hilo kwa askari ni amri. Akajaza mashavu, akauanza mwendo wa zamani wa paredi, na wenzake wakamfuata kwa mbio za watu waliokuwa wakitafuta choo. Ukumbi mzima ukasimama. Bibi harusi akarudishwa nje, akaingizwa upya, hatua mbili mbele, moja nyuma, yumba, simama, na baba yake akayumba kuliko wote. Sajenti alibaki amesimama, tromboni kwapani. Mkono wake ulitaka kuingia kwenye mwendo ule. Akaukatalia.

Wakati wa chakula dada yake alimfuata kwenye kona.

"Kaka, mimi nilikuomba uniingizie mwanangu. Umemwingiza mara mbili."

"Hamkuelewa tu."

"Ni kweli. Na sina mpango wa kuelewa. Kula, uende nyumbani."

Kilichomuuma si hasira ya dada yake. Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Njiani kurudi nyumbani alimwambia mkewe kwamba hata Ulaya watunzi wakubwa walizomewa, watu wakataka kupigana.

"Wewe hukuzomewa," mkewe akasema. "Ulipigiwa makofi."

Hilo ndilo lilikuwa linamkereketa. Kuzomewa ni kuheshimiwa, anayekuzomea amekusikia. Yeye alishangiliwa kwa kujaribu vyombo.

Akabakiwa na tegemeo moja. Jumatatu alipanda ngazi za chuo akiwa na simu yenye picha za video za harusi, akampelekea Profesa. Profesa alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama.

"Zamu zimepangwa vizuri, mzee. Hakuna sauti iliyojirudia kabla ya wakati."

"Asante, Mwalimu."

"Ila haya ni mambo ya miaka mia iliyopita. Huko ng'ambo siku hizi hayaandikwi tena. Kilichonivutia mimi ni yule mshereheshaji. Anavyoingia mara tatu, na maneno yaleyale. Ulimpangia wewe?"

Sajenti alilelewa kusema kweli. Akatazama dari. "Hapana."

"Pole. Ningekuongezea alama."

Basi mtu alikuwa amegombana na dada yake wa tumbo moja kwa ajili ya kitu cha kisasa ambacho kilipitwa na wakati kabla mama mkwe hajazaliwa. Sajenti aliteremka ngazi polepole, akaenda nyumbani, akalilaza tromboni kwenye sanduku lake.

Hakulitoa kwa wiki nyingi. Spika ilinyamaza. Hata mama mkwe akaanza kuingiwa na wasiwasi, akamuuliza binti yake kama mumewe amelogwa au amepona. Kilichobaki katika muhula kilikuwa kusoma habari za Mkusanyaji, ambaye Sajenti alikuwa amemruka kwa dharau. Mtu msomi anasafiri na mashine nzito kwenda kuwaomba bibi vizee waimbe wanavyoimba wakipepeta nafaka, kisha anakaa miaka akiandika kila walichoimba. Safari yote ile kwa vitu vya jikoni!

Asubuhi moja alichukua kitabu chake akaenda kukaa chumba cha mbele, cha kushonea, kwa sababu kiti kizuri cha sebuleni kilikuwa kimekaliwa na mama mkwe. Mkewe alikuwa akishona mikono ya koti. Cherehani ilikwenda, ikasimama, ikaenda. Juu yake kulikuwa na sauti nyingine, ndogo, ya kooni. Ilichukua muda kabla Sajenti hajatambua kwamba ni mkewe. Alikuwa akivumisha wimbo, midomo imefumbwa, pini katikati. Kwenye mshono ulionyooka wimbo ulikwenda tambarare. Alipofika kwenye duara la kwapa ulipanda, ukachungulia, ukashuka. Kwenye kona ukakatika, akageuza kitambaa, ukaendelea palepale ulipoishia.

Walikuwa wameoana miaka ishirini na kitu. Siku zote hizo Sajenti alitoka kwenda kwenye mazoezi kabla mkewe hajaondoa kifuniko cha cherehani, akarudi ameshakirudisha. Na alipostaafu, alifunga mlango wa sebule ili kelele za cherehani zisimharibie fidla. Akajiona amekaa pale na kitabu magotini, mwanafunzi wa sauti za dunia nzima, na picha hiyo haikumfurahisha hata kidogo. Akachukua penseli.

"Unaandika nini?" mkewe akauliza bila kugeuka.

"Wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Unaimba."

"Siimbi. Nina pini mdomoni."

"Ndivyo unavyoimba."

"Mama!" mkewe akaita. "Njoo umwone mkweo. Sasa kimempata."

Kabla ya mtihani Sajenti alikwenda kwa dada yake. Alipokewa barazani, hakukaribishwa ndani.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa ule muziki?"

"Kwa kusema hamkuelewa."

Dada yake akalipima neno hilo. "Na muziki?"

"Muziki ulikuwa mzuri."

"Kaka!"

"Haukuwa wa harusi."

"Hapo sawa," dada yake akasema, na chai ikaletwa. Ilikuwa ya rangi, bila kitu cha kutafunia, lakini ilikuwa chai.

Kwa mtihani kila mwanafunzi alitakiwa kutunga kipande na kukipiga, na cha Sajenti kiliandikwa kwa tromboni na cherehani. Mkewe alikataa, akakataa tena, mwisho akatoa masharti. "Siendi kuzungusha gurudumu hewani mbele za watu kama mwehu. Nakwenda na kazi yangu. Kuna gauni la mke wa mhasibu linangoja pindo." Sharti la pili: hataimba.

Siku ya siku Tuba na Sajenti waliipandisha cherehani ngazi zile, miguu yake ya chuma na yote, mke akiwaelekeza kutoka nyuma kwa lugha ambayo haikuwa ya kitaaluma. Chupa ya chai iliondolewa juu ya piano kwa heshima ya mtahini, mama mmoja mnene kutoka chuo kingine, aliyeupakata mkoba wake muda wote. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, akingoja mshindo.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama yalivyoandikwa. Cherehani ikaenda, ikanyamaza kwa amri ya karatasi, tromboni likajibu. Mkewe alishona akiwa amekunja uso, maana karatasi ilimsimamisha kila alipokuwa anaanza kuchanganya mwendo. Kisha pindo likafika kwenye mkunjo wa upande, pale pagumu, na fundi akasahau kwamba kuna watu. Sauti ya kooni ikatoka. Sajenti alikuwa ameandika mahali hapo tromboni liuimbe wimbo ule. Akalishusha mdomoni, akalishika kifuani, akamwacha mwenyewe aimbe. Profesa akavua miwani. Huo ulikuwa wimbo, tena ulioimbika, na kikohozi hakikumjia.

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Nimemaliza," akasema. Mtahini akaliandika hilo pia, akidhani ni sehemu ya kipande.

Sajenti alifaulu, kwa kiwango cha wastani, na maelezo kwamba mpiga cherehani alimzidi mpiga tromboni. Dada yake alipopata habari alicheka mpaka akapiga simu kuulizia kama ni kweli. Mama mkwe alisema mshindo haukuwepo lakini angalau kazi ilionekana.

Kesho yake mke wa mhasibu alikuja kuchukua gauni lake. Alilivaa, akajitazama kwenye kioo, akainama kidogo, akauliza kwa adabu kwa nini pindo limekwenda vile. Lilikuwa limepanda na kushuka. Kila mahali ambapo Sajenti aliandika alama ya kunyamaza, mshono ulikuwa umeruka au umejikunja. Ungeweza kukisoma kipande chote pale chini, kutoka mshono wa kushoto hadi wa kulia.

"Njoo kesho," mkewe akamwambia mteja. "Jana kulikuwa na hitilafu ya umeme." Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu.

Mteja alipotoka, alimrushia Sajenti gauni, akamkabidhi wembe.

"Fumua."

Sajenti akaketi kwenye kizingiti, akalikunjua gauni magotini, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja, taratibu, asikate kitambaa.